Niliwaza Vibaya Wapi?

Selotepu haishiki ukuta Lodwar. Ikifika saa saba mchana joto limeshailegeza, na ukirudi jioni unakuta Dubai iko sakafuni, nyumba ya ghorofa imejikunja na gari limeangukia ndani ya ndoo ya maji. Nilijifunza hilo mwaka 2023, nilipokuwa na ubao wa maono: karatasi ya manila yenye picha nilizokata magazetini, juu ya kitanda changu kwenye chumba kimoja cha mabati. Mwishowe niliibandika kwa uji mzito wa unga wa ngano, vile tulivyokuwa tukifanya shule ya msingi. Hapo ikashika.

Nilikuwa nimeacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Hakuna kisa kirefu. Karo yangu ilikuwa inatembea kwa miguu minne: kila muhula baba alikuwa anauza mbuzi, na mvua zilipokataa msimu baada ya msimu kuanzia mwisho wa 2020, mbuzi wakaisha kabla masomo hayajaisha. Nikarudi Turkana. Kwetu ni Kakuma, lakini nilipanga chumba Lodwar, kilomita kama 120 kutoka nyumbani, kwa sababu huku stima na mtandao ni afadhali, na mimi nilikuwa nimeamua nitaishi kwa kuandika. Mchana niliandika vitu vya watu: sifa za hoteli nisizowahi kulala, faida za mafuta ya nazi, hotuba za harusi. Usiku, kama bando limebaki, nilisikiliza watu wanaofundisha sheria ya mvuto.

Unawajua. Hata kama hujawatafuta, TikTok imeshakuletea mmoja. Wanasema kila wazo lina mtetemo wake, na ulimwengu hukurudishia kilekile unachowaza. Waza pesa, pesa zitakutafuta. Waza deni, deni litazaa. Usiseme unataka nyumba, sema tayari unayo. Vijana wa mjini wanaita kumanifesti.

Mimi sikuishia kusikiliza. Nililipa shilingi 1,500 kuingia darasa la WhatsApp la mwalimu mmoja aliyekuwa Nairobi, pesa ambayo ilikuwa unga wa siku nyingi. Kila asubuhi alituma sauti ya dakika sita. Mafundisho yake mengi yalikuwa ya kawaida, lakini moja nililishika sana: usiwe na mpango wa pili. Mpango wa pili, alisema, ni shaka iliyovaa suti, na ulimwengu ukinusa shaka unafunga mlango.

Mwezi wa pili makala yangu ya kwanza ya maana ikakubaliwa na kulipwa. Nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kama ni nyoka. Niliandika kwenye darasa kwamba sheria inafanya kazi, nikapata mioyo myekundu zaidi ya arobaini. Halafu nikafanya kitu ambacho ndicho sababu ya kuandika haya yote. Nilichukua zile sauti zote, nikamtumia rafiki yangu wa Kakuma.

Huyu rafiki tulikaa dawati moja sekondari. Alitoka Sudan Kusini akiwa mdogo, mgongoni mwa mama yake, na kambi ndiyo dunia anayoikumbuka. Kambi ya Kakuma ilianzishwa 1992, na ukiihesabu pamoja na makazi ya Kalobeyei ina karibu watu 300,000, wengi kuliko miji mingi unayoijua. Yeye alikuwa mwalimu wa posho katika shule moja ya msingi huko. Familia yake ilikuwa kwenye foleni ya kuhamishiwa Marekani kwa miaka mingi: mahojiano, mahojiano tena, alama za vidole, vipimo vya hospitali. Mwaka 2024 mambo yakaanza kusogea, na wakati huohuo shule ikamwuliza kama ataendelea kufundisha mwaka unaofuata. Alinipigia simu. Nikamwambia, kwa sauti ya mwalimu wangu kabisa: ndugu yangu, ukisaini hapo unauambia ulimwengu kwamba hutaki kwenda.

Hakusaini. Akapata tarehe ya ndege, Februari 2025. Akauza godoro, baiskeli na taa ya sola.

Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Siku chache baadaye safari zikafutwa, hata za watu waliokuwa na tiketi mkononi. Rafiki yangu alinitumia ujumbe mmoja tu usiku ule: "Niliwaza vibaya wapi?"

Nilikaa na lile swali kama mtu aliyeshikiwa kisu. Lilikuwa swali la haki kabisa. Kama sheria niliyomfundisha ni ya kweli, basi kuna mahali aliwaza vibaya, na ni lazima nimwonyeshe. Kama si ya kweli, basi mimi ndiye nina kesi ya kujibu. Kwa hiyo nilianza kutafuta, kama mwanafunzi aliyeacha chuo lakini hakuacha maktaba: je, sayansi inaisemaje?

Kwanza, sheria yenyewe si ya kale kama wanavyodai. Ilikuzwa Marekani katika karne ya 19, kwenye harakati za watu walioamini akili inaweza kuponya mwili, kisha ikahamia kwenye mfuko. Mwaka 1910 Wallace Wattles alitoa kitabu kuhusu kile alichokiita sayansi ya kutajirika, na akafariki mwaka uliofuata. Mwaka 1937 akaja Napoleon Hill na Think and Grow Rich, ambacho mpaka leo utakikuta kimetandazwa kando ya barabara Nairobi. Halafu 2006 Rhonda Byrne wa Australia, aliyesema Wattles ndiye aliyemwamsha, akatoa filamu na kitabu cha The Secret, kikauza nakala zaidi ya milioni 30. Mwalimu wangu wa WhatsApp alikuwa mjukuu wa ukoo huo, awe alijua au hakujua.

Pili, neno "sheria". Nilikuwa darasa la saba mwaka 2013, na mwaka huo Turkana iliahidiwa mambo mawili. Ahadi moja ilikuwa ya kupatwa kwa jua. Wanasayansi walikuwa wamesema miaka mingi kabla kwamba jioni ya tarehe 3 Novemba mwezi utalifunika jua, na kwamba kivuli kitapita juu ya Turkana. Wageni wakaja na mitambo yao mpaka pwani ya ziwa. Wengi wao hawakuona vizuri, kwa sababu upepo wa mchanga na mawingu viliwaharibia. Lakini kivuli kilikuja, dakika ileile kiliyotabiriwa. Aliyeamini na asiyeamini wote waliingia gizani pamoja, mbuzi pia. Hiyo ndiyo sheria. Newton alieleza mvutano kwa hesabu, na hesabu hiyo haiulizi moyo wako uko wapi.

Sasa iweke sheria ya mvuto mbele ya kipimo hicho. Ukipata ulichowaza, imefanya kazi. Usipopata, hukuamini vya kutosha, au uliamini lakini ndani kabisa ulikuwa na shaka, au ulimwengu bado unapanga. Hakuna matokeo yoyote duniani yanayoweza kuonyesha kwamba imekosea. Mwanafalsafa Karl Popper alisema dai la kisayansi ni lile linalokubali kuhatarishwa, yaani linalosema mapema ni jambo gani likitokea nitakuwa nimekosea. Kwetu, mbuzi akichinjwa, wapo wazee wanaotandaza utumbo na kuusoma kama ramani: mvua itatoka upande huu, adui upande ule. Cheka ukitaka, lakini mzee yule amehatarisha kitu. Amesema mvua, na kijiji kizima kitangoja kuona. Mwalimu wangu hakuwahi kuhatarisha chochote kuliko mzee wa utumbo.

Tatu, mitetemo. Ni kweli ubongo una umeme. Ndiyo maana madaktari wanaweza kuupima kwa kubandika elektrodi kichwani. Lakini wanalazimika kuzibandika kichwani kwa sababu umeme huo ni mdogo mno. Nguvu ya sumaku inayotoka kwenye ubongo ni hafifu kuliko ile ya dunia kwa mamia ya mamilioni ya mara, na kuipima unahitaji chumba maalumu kilichokingwa, vinginevyo hata lifti iliyo karibu itaifunika. Wazo langu la nyumba ya ghorofa halikuweza kufika hata mlangoni, sembuse kwa ulimwengu. Na kuhusu sumaku, fizikia ya kidato cha pili ilitufundisha kwamba ncha zinazofanana husukumana. Zinazovutana ni zile zisizofanana. Wanaosema kinachofanana huvuta kinachofanana walikosa hata mfano. Wengine wanakimbilia fizikia ya kwanta, kwamba eti chembe hubadilika zikitazamwa. Kwenye maabara, kutazama maana yake ni chombo kugusana na chembe. Haihusu matamanio ya mtu.

Kwa hiyo kama swali ni: wazo hutoka kichwani na kwenda kuvuta vitu? Jibu ni hapana. Sikupata utafiti wowote wa kuaminika unaoonyesha hivyo, na hakuna njia inayojulikana ambayo jambo hilo lingepitia.

Lakini subiri, na makala yangu iliyolipwa je? Hapa ndipo nililazimika kuwa mkweli. Nilifungua sanduku la barua zilizotumwa nikahesabu. Katika miezi ile miwili nilikuwa nimetuma mapendekezo 23 kwa wahariri tofauti. Wawili walijibu. Mmoja alikubali. Mwaka mzima kabla ya hapo nilikuwa nimetuma manne. Ulimwengu haukufanya kitu. Vidole vyangu ndivyo vilifanya. Darasa lilinipa ujasiri, ujasiri ukanifanya nitume, na kutuma kukaleta jibu. Halafu nikampa mtetemo shukrani iliyokuwa ya barua pepe.

Hii sehemu ndogo ina sayansi yake, na sitaki kuidharau. Kichwani mwako kinachojaa ndicho jicho linachokiona. Ukitamani pikipiki ya aina fulani, ghafla barabara yote ya Lodwar imejaa pikipiki hizohizo. Hazikuongezeka, umeanza kuziona. Mtu anayewaza kazi huona tangazo ambalo mwingine alilipita. Na matarajio hugeuza matendo: mwalimu anayeamini mwanafunzi ataweza humpa muda zaidi, humwuliza tena, na wakati mwingine mtoto hupanda. Lakini kila mara kuna mtu katikati aliyefanya kitu.

Kilichonishtua ni sehemu nyingine. Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Gabriele Oettingen, amechunguza jambo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na alitenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya. Kimoja ni kutarajia, yaani kuona kwa ushahidi wa ulikotoka kwamba jambo linawezekana. Kingine ni kuota, yaani kujichorea picha tamu ya mwisho. Katika utafiti wake wa 1991, wanawake waliokuwa wakijaribu kupunguza uzito na kutarajia kufaulu walipungua zaidi. Wale waliokuwa na ndoto tamu zaidi walipungua kidogo. Mwaka 2002, yeye na mwenzake walitoa matokeo ya kufuatilia wahitimu wa Ujerumani waliotafuta kazi. Baada ya miaka miwili, walioota sana kazi nzuri walikuwa wametuma maombi machache, wamepata nafasi chache na mishahara midogo. Utafiti wa 2011 ulipima hata shinikizo la damu: baada ya kuota mafanikio, mwili hulegea, kana kwamba kazi imeshafanyika.

Soma hiyo tena. Mwili hulegea. Ubao wangu wa ukutani ulikuwa unanilaza usingizi.

Wanasaikolojia wengine wawili, Lien Pham na Shelley Taylor, mwaka 1999 walitoa utafiti wa wanafunzi wa chuo waliokuwa wakikaribia mtihani. Kundi moja liliambiwa liwaze alama nzuri. Kundi jingine liwaze kazi yenyewe: kukaa mezani, kufungua daftari, kuzima redio. Kundi la pili lilianza kusoma mapema na likafanya vizuri zaidi. Na mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland walichapisha matokeo kutoka kwa watu zaidi ya 1,000. Wanaoamini kumanifesti walijiona wamefaulu zaidi, ila hawakuwa na kipato kikubwa kuliko wengine. Walivutiwa zaidi na uwekezaji wa hatari, na walikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwahi kufilisika. Huo ni uhusiano tu, hauthibitishi kipi kilisababisha kipi. Lakini ningependa mwalimu wangu angeutaja kabla ya kuchukua zile 1,500.

Ile ahadi ya pili ya 2013 ilikuja Septemba, miezi miwili kabla ya kupatwa kwa jua. Serikali na UNESCO walitangaza kwamba chini ya uwanda wa Lotikipi, huko juu kwetu, kuna hifadhi kubwa ya maji: mita za ujazo bilioni 200. Ilisemwa Kenya ingeweza kuyatumia kwa miaka 70. Mwaka mmoja tu kabla, Machi 2012, yalikuwa yametangazwa mafuta, kisima cha Ngamia 1 upande wa Lokichar. Kama kuna watu waliowahi kuwaza utajiri kwa pamoja, kwa moyo mmoja, ni sisi. Watu walizungushia viwanja ua. Watoto tulichora mabomba. Mwalimu wa jiografia alituambia Turkana itakuwa Dubai, na sidhani kulikuwa na mtu hata mmoja darasani aliyekuwa na shaka. Ukitafuta mtetemo mzuri, huo hapo, wa kaunti nzima.

Maji yalipopimwa vizuri zaidi, yakakutwa na chumvi nyingi kupita kiasi cha kunywa. Mafuta yalianza kusafirishwa kwa malori, meli ya kwanza ikaondoka Mombasa Agosti 2019, lakini ule utajiri tuliouchora haujafika mlangoni kwa mama yangu. Sasa niambie: chumvi iliingia kwenye maji ya Lotikipi kwa sababu nani aliwaza vibaya? Chumvi ilikuwa pale kabla ya wazo lolote la mtu yeyote. Kilichohitajika ni kipimo, na kipimo kilipofanywa kikatoa jibu ambalo hakuna aliyelitaka.

Hapo ndipo nilipoona kwamba suala la sayansi ni nusu tu ya kesi. Nusu nyingine ni ya maadili, na baba yangu alikuwa ameshaiuliza kabla ya rafiki yangu.

Ilikuwa 2023, nimekwenda Kakuma kuwaona. Tulikuwa tumekaa nje usiku, na mimi, kwa kiburi cha mtu aliyelipia darasa, nikamweleza baba sheria ya mvuto kwa Kiturkana. Haikuwa rahisi, kwa sababu neno letu la Mungu, Akuj, linakaa jirani sana na anga na mvua, na sikupata neno la ulimwengu unaopokea oda kama hoteli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo wale mbuzi. Ni mimi niliwaza wafe?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nauliza," akasema. "Umesema mtu huvuta anachowaza. Mimi usiku nilikuwa nawaza mbuzi tu. Nilikuwa nawaza wanywe. Sasa ni nani aliwaza vibaya, mimi au mama yako?"

Sikuwa na jibu, nikabadilisha mada. Katika ukame ule mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa Kenya. Chukua sheria ya mvuto kwa uzito wake wote, uipeleke kwa kila aliyepoteza mbuzi, ng'ombe au ngamia, na umwambie amevuta mwenyewe. Hutathubutu. Lakini ukishasema mawazo ndiyo huleta yote, huwezi tena kuchagua kusema hivyo kwa tajiri tu. Ukimpa mwenye nyumba Runda sifa ya mawazo yake, umeshampa mwenye njaa Kalobeyei lawama ya mawazo yake. Ni hesabu moja, upande huu na upande ule.

Kwa Kiswahili neno sheria lina nyumba mbili. Kuna sheria ya maumbile, kama ile ya kivuli cha mwezi, na kuna sheria ya mahakama, yenye mshtakiwa na hukumu. Sheria ya mvuto inajitambulisha kama ya kwanza, lakini kazi inayofanya ni ya pili. Inachunguza moyo wako, inakukuta na hatia, na ushahidi wake ni ule ule umaskini wako.

Na kwa nini inatuvutia? Mwaka 1966 Melvin Lerner na Carolyn Simmons walichapisha jaribio ambalo bado linanisumbua. Watu walimtazama mwanafunzi mwenzao akionekana kupigwa shoti za umeme kila akikosea. Ilikuwa maigizo, ila wao hawakujua. Walipokosa uwezo wa kumsaidia, wakaanza kumwona kuwa mtu wa chini, kana kwamba anastahili. Lerner alieleza kwamba tunahitaji kuamini dunia ina haki, kila mtu hupata anachostahili, kwa sababu kinyume chake kinatisha mno. Nikamkumbuka mimi mwenyewe wa 2023. Sikuwa nanunua utajiri kwa ile 1,500. Nilikuwa nanunua uhakika kwamba yaliyompata baba hayawezi kunipata mimi, mradi tu niwaze vizuri.

Sasa utaniuliza: unataka kutunyima hata tumaini? Hapana, na Kakuma ndiko ninakochukua ushahidi. Mwaka 2015 taasisi ya Tegla Loroupe, yule mwanariadha wetu aliyeshinda New York Marathon 1994, iliandaa mbio za mchujo kambini. Rose Nathike Lokonyen, msichana aliyetoka Sudan Kusini, alikimbia kilomita 10 bila viatu akawa wa pili. Waliochaguliwa wakapelekwa Ngong kufanya mazoezi, na 2016 watano kutoka Kakuma walikuwa Rio katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, Rose akiibeba bendera. Watu wa mvuto wanaipenda hadithi hii. Lakini itazame taratibu. Kulikuwa na saa ya kupima mbio. Kulikuwa na kocha, gari la kuwatoa kambini, chakula, viatu. Kulikuwa na kamati iliyokubali kuunda timu. Kulikuwa na miguu yake. Na hata hivyo hakuna aliyerudi na medali, na sidhani kuna mtu mwenye akili atakayesema waliamini kidogo.

Tumaini, kwa ninavyolielewa sasa, linakubali kwamba jambo linaweza kukataa. Ndiyo maana mwenye tumaini hujipanga. Baba alitumaini mvua na bado alihamisha mbuzi. Mama anaomba Mungu kila alfajiri na bado anasuka vikapu vya mkoma vya kuuza. Mpango wa pili ndio tumaini lenyewe likifanya kazi, na hilo ndilo nililomnyang'anya rafiki yangu.

Nilichelewa kumjibu kwa siku tisa. Kisha nikapanda gari kwenda Kakuma, kwa sababu mambo mengine hayasemwi kwa simu. Nilimkuta kwao, amelala juu ya mkeka mahali palipokuwa na godoro. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hukuwaza vibaya popote. Kuna mtu alitia sahihi karatasi Washington. Hakujui, na ungewaza vyovyote vile angesaini. Lakini lile la shule ni mimi. Nilikushauri vibaya, na nilikuwa nakuambia kitu nisichokijua."

Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Ungeniambia hivyo mwaka jana."

"Najua."

"Unajua kitu kibaya ni nini? Usiku nilikuwa nahesabu. Siku gani nilikuwa na hofu. Siku gani niligombana na mama. Nilidhani ndege imefutwa kwa sababu ya siku hizo."

Tulikwenda pamoja shuleni siku iliyofuata. Nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa. Mwalimu mkuu alimwandika kwenye orodha ya wanaoitwa mwalimu mwingine akiugua, na mwaka huo, mgao wa chakula kambini ulipopunguzwa kwa sababu fedha za wafadhili zilikauka, siku hizo chache za kuitwa zilikuwa na maana sana. Faili lake la Marekani bado liko mahali fulani. Analifuatilia. Pia amejiandikisha kozi ya cheti cha ualimu, na akaniambia nisije nikamwuliza ni mpango wa kwanza au wa pili.

Mimi bado niko Lodwar. Ile 1,500 haikurudi. Nilipoiomba, mwalimu alinitoa kwenye kundi. Manila niliibandua, ikang'oka na rangi ya ukuta. Pale pale nimebandika karatasi nyingine yenye mistari: tarehe, mhariri, nilichopendekeza, alichojibu. Safu ya mwisho ina hapana nyingi. Nimeibandika kwa uji uleule wa ngano, na mpaka leo haijaanguka.